Kaliba Gani kwa Kulungu? Mjadala Kutoka Milima ya Uskoti

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu wa bunduki au, kama inavyosemwa zaidi, kipenyo cha kichwa cha risasi kinachopita humo. Ndicho kipimo kinachotangulia katika jina la risasi, na ndicho wawindaji hubishania zaidi, ingawa kikiwa peke yake hakisemi mengi. .30-30, .308 Winchester, .30-06 na .300 Winchester Magnum zote hurusha kichwa chenye kipenyo kilekile cha milimita 7.8. Kinachozitofautisha ni ganda: linabeba baruti kiasi gani, na kwa hiyo kichwa kinatoka kwa kasi gani. .30-30, risasi ya Kimarekani ya mwaka 1895, hukitoa kichwa cha greni 150 (gramu 9.7) kwa mita 728 hivi kwa sekunde. .300 Magnum, iliyoingia sokoni 1963, hukitoa kichwa cha uzito uleule kwa kasi inayokaribia mita 1,000. Anayeuliza "kaliba gani?" kwa kawaida anauliza mambo matatu kwa mkupuo: upana, uzito na kasi.

Jibu humtegemea mnyama. Kulungu anayezungumzwa hapa si yule wa vichaka vya Afrika Mashariki, aliye jamaa ya pofu na tandala na ambaye pembe zake ni za kudumu. Huyu ni wa familia isiyo na mwenyeji hata mmoja kusini mwa Sahara, ambayo madume wake huangusha pembe na kuotesha mpya kila mwaka. Uskoti inao wa aina nne porini: kulungu mwekundu na roe, ambao ni wenyeji, pamoja na sika na falo walioletwa na watu. Roe mzima hazidi sana kilo 30. Dume wa kulungu mwekundu anaweza kukaribia kilo 190. Milima ni mitupu, upepo haukomi, na sheria imeandika tarakimu zake waziwazi. Ni mahali pafaapo kuusikiliza ubishi huu.

Sauti nne ndizo husikika kila unapozuka. Ya kwanza ni ya Kijana, mwenye .243 Winchester. Ya pili ni ya Mgeni, anayefika kwa wiki moja ya kuwinda na .300 Magnum yake mkobani. Ya tatu ni ya Mzee, ambaye kuwinda kulungu ni kazi yake ya mshahara: mwenye ardhi amemwajiri kupunguza idadi yao, kwa kuwa nchi hiyo haina tena mbwa-mwitu wala mnyama mwingine mkubwa wa kuwala. Ya nne ni ya Bucha, mnunuzi wa mizoga. Wote wanne ni wa kubuni, ila hoja zao ni za kila siku.

Kijana ndiye huanza, na huanza na bega lake.

"Ya kwangu haipigi teke," husema. "Kichwa cha greni 100, mita 900 kwa sekunde, jouli 2,600 mdomoni pa mtutu. Teke lake halizidi sana nusu ya lile la .30-06. Sifumbi macho ninapovuta kifyatuo. Namwangusha roe, namwangusha jike mwekundu, na dume pia namwangusha nikimpiga mahali pake. Cha zaidi ni cha nini?"

Mgeni hulidaka neno hilo. "Ukimpiga mahali pake! Hoja yako yote inaning'inia hapo. Mimi nimelipa, nimepanda mlima tangu alfajiri, dume yuko mita 250, amegeuka nusu na bega limefunika moyo. Nataka kichwa kizito kitakachovunja mfupa huo na bado kiyafikie mapafu. Maneno matupu hayavunji mfupa, bwana mdogo, na greni 100 nazo kwa shida."

Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na ni vizuri kuona risasi inavyoua kabla ya kuamua nani anayo kubwa zaidi. Kulungu aliyepigwa kifuani hafi kwa kishindo. Hufa kwa sababu moyo, mapafu au mishipa mikubwa imechanika, damu inamwagika ndani ya kifua, na ubongo unakosa oksijeni. Hata aliyepigwa vizuri kabisa huweza kukimbia makumi ya mita kabla ya kuanguka. Nishati inayotajwa kwenye vijitabu vya watengenezaji haiui yenyewe. Hulipia tu kazi mbili, yaani kukifungua kichwa cha risasi na kukisukuma hadi ndani ya kutosha. Kichwa kilichoundwa vizuri hufunguka hadi karibu mara mbili ya kipenyo chake. Hivyo tofauti ya Kijana na Mgeni, milimita 6.2 dhidi ya 7.8, baada ya kufunguka inakuwa kama milimita 12 dhidi ya 15. Kwa risasi iliyopita katikati ya mapafu, milimita tatu hizo hazibadilishi chochote. Kwa risasi iliyogonga kiungo cha bega kwa pembe mbaya, uzito ulio nyuma ya kichwa huweza kuamua iwapo kitafika au kitakwama. Mgeni basi ana haki kuhusu bega, na Kijana ana haki kuhusu jicho lisilofumba. Yupi ana haki mara nyingi zaidi? Yule anayekubali kusubiri mnyama ageuke.

Hapo Kijana huleta shahidi ambaye karibu kila mtetezi wa risasi nyepesi humleta. Ni Walter Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880, ambaye wawindaji wenzake walimwita "Karamojo" kwa sababu ya miaka yake huko Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao aliwaua kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser ya mwaka 1892 iliyopewa jina la Kiingereza. Leo risasi hiyo hupendekezwa kwa mtu anayeanza kuwinda kulungu. Kwa tembo wa Karamoja hesabu hiyo si habari ya kusifiwa, lakini katika ubishi wa kaliba haikosi kutajwa.

"Kama milimita saba zilimtosha tembo," husema Kijana, "sita zitashindwaje na kulungu?"

Mzee, aliyekuwa kimya, hapo hujibu. "Mwanangu, Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi. Wewe umepasua ngapi?"

Jibu hilo lina zaidi ya kejeli. Risasi ya Bell ilikuwa na kichwa kirefu, kizito kwa kipenyo chake, kilichofunikwa chote kwa metali ngumu ili kisifunguke. Kilipita moja kwa moja katika mfupa wenye matundu ya hewa hadi kwenye ubongo, na tembo alianguka papo hapo. Kwa kulungu kila kitu ni kinyume. Hulengwa kifua, kwa kuwa kichwa chake ni kidogo na hakitulii, na kichwa cha risasi sharti kifunguke; sheria ya Uskoti haikubali kichwa ambacho hakikuundwa kubadilika umbo kinapompiga mnyama. Kichwa kigumu kikipita kwenye mapafu ya kulungu huacha tundu jembamba, na mnyama hutembea nalo mbali. Anayemtumia Bell kutetea kaliba ndogo amechukua nusu ya habari: kaliba ilikuwa ndogo, ila kila kingine kilikuwa tofauti.

Habari za Bell lakini haziishii Uganda, na sehemu inayofuata ndiyo inayouhusu mjadala huu hasa. Aliporudi kwao na kukaa Ross-shire, kaskazini mwa Uskoti, alianza kuwawinda kulungu wekundu kwa .220 Swift, akaisifu kwa jinsi ilivyowaangusha madume palepale. Winchester waliileta risasi hiyo mwaka 1935. Kichwa chake kilikuwa cha greni 48 tu, gramu tatu na ushei, kikitoka kwa kasi ya mita 1,250 kwa sekunde, mwendo ambao risasi nyingine za madukani hazikuukaribia. Ni kaliba ya kuwapigia wanyama wadogo waharibifu. Leo mtu akipanda nayo milima ileile ya Ross-shire kumtafuta dume mwekundu, anavunja sheria.

Anaivunja wapi? Hapa tarakimu zinafaa kutazamwa kwa karibu. Amri ya Uskoti ya 1985 iliweka masharti matatu kwa kulungu wakubwa: kichwa kisipungue greni 100, kasi ya mdomoni isipungue futi 2,450 kwa sekunde, yaani mita 747, na nishati isipungue pauni-futi 1,750, yaani jouli 2,373. Kwa roe masharti ni mepesi: greni 50, kasi ileile na jouli 1,356. Swift ya Bell ina jouli 2,440 hivi. Kwa nishati inafaulu. Kwa kasi inafaulu kupita kiasi. Inaanguka kwenye uzito peke yake, na greni zake 48 hazitoshi hata kwa roe. Ukivuka mpaka kuingia Uingereza, Sheria ya Kulungu ya 1991 inataka jouli 2,305, ambazo Swift inazo, lakini inadai pia kaliba isiyopungua inchi .240, ambayo ni milimita 6.1. Swift ina milimita 5.7. Majirani wawili wameikataa risasi moja, kila mmoja kwa mlango wake.

Kijana huliona hilo kama ushahidi kwamba sheria zimebahatisha. "Nishati ipo. Kasi ipo. Bell aliwaangusha. Tatizo liko wapi?"

"Liko begani," hujibu Mzee. "Kichwa chepesi chenye kasi ile kikigonga mfupa husambaratika palepale juu. Kidonda kinatisha kwa nje, na ndani mapafu ni mazima. Huyo hupotea ukunguni, akafa baada ya siku kadhaa. Bell alijua lini asipige. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya Bell."

Hoja ya Mzee ndiyo inayoeleza kwa nini tarakimu moja haitoshi. Nishati hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kichwa chepesi kikikimbizwa vya kutosha huweza kuonekana karatasini kama kizito. Uzito na muundo wake ndivyo hukiweka pamoja baada ya kugonga. Sharti la greni 100 lilikuwa njia ya kuufunga mlango ambao sharti la nishati liliuacha wazi.

Ila mlango mwingine umefungwa bila sababu nzuri, na hapo Mgeni hupata nafasi ya kucheka. Kwao Marekani .30-30 imewinda kulungu wa mkia mweupe tangu karne ya kumi na tisa, vizazi na vizazi, kwa bunduki fupi ya kubebeka msituni. Greni zake 150 zinapita kiwango cha Uskoti. Nishati yake, jouli 2,580 hivi, inapita. Kasi yake ni mita 728 na kiwango ni 747. Mnyama ambaye babu wa Mgeni alimwangusha kwa risasi hiyo hakuwahi kuambiwa kwamba zimekosekana mita 19.

"Hapo nakubaliana na wewe, Bwana," husema Mzee. "Ndani ya msitu, mita 70, hiyo ni risasi nzuri kuliko nyingi zinazoruhusiwa. Lakini hapa hatuna misitu mingi. Juu ya mlima mtupu, risasi ya polepole huanguka chini haraka, na mtu anayekosea umbali humvunja mnyama mguu."

Nchi nyingine zimeshika mizani hiyohiyo kwa mikono tofauti. Ujerumani huitaka nishati ipimwe mita 100 kutoka kwenye mtutu, mahali mnyama alipo, badala ya mdomoni: jouli 1,000 kwa roe; kwa kulungu wakubwa jouli 2,000 pamoja na kaliba isiyopungua milimita 6.5. Kwa hiyo .243 ya Kijana, halali kwa dume mwekundu wa Uskoti, ni haramu kwa dume yuleyule akiwa Ujerumani. Jimbo la Colorado nalo hupima kwa yadi 100, likidai kaliba ya .24, kichwa cha greni 70 na pauni-futi 1,000 kwa kulungu. Uswidi ndiyo iliyofikiri kwa kina zaidi. Kwa wanyama wakubwa, akiwamo moose, ambaye ndiye mkubwa kuliko kulungu wote, inatoa njia mbili: kichwa cha gramu 9 chenye jouli 2,700 kwa mita 100, au cha gramu 10 chenye jouli 2,000 tu. Gramu moja ya uzito inaruhusiwa kulipia jouli 700. Ni kwa njia hiyo ya pili 6.5x55, iliyobuniwa kwa ajili ya majeshi ya Uswidi na Norwei mwaka 1894, huingia msituni kumkabili moose na kichwa chake kirefu cha greni 156. Risasi hiyo haina kasi ya kujivunia wala nishati ya kutisha. Kwa kipenyo chake imebeba uzito mwingi, na uzito huo huifikisha ndani.

Bucha amesikiliza haya yote akiwa na neno lake, na si la kiungwana.

"Mnabishana atakufaje. Mimi namwona akishakufa. Roe akipigwa kwa .270 mita 60, mabega yote mawili ni uji wa damu. Nakata, natupa. Nusu ya bei imekwenda na mbwa wangu wananenepa."

Malalamiko yake yana msingi wa kifizikia. .270 Winchester, iliyotoka 1925 na kupendwa sana katika mashamba ya Uskoti, hurusha greni 130 kwa mita 930 kwa sekunde. Kwa umbali mdogo kichwa huingia kwa karibu kasi hiyo yote, hufunguka kwa ghafla, na mgandamizo wake huisukuma damu katikati ya tabaka za misuli. Nyama hiyo huwa nyeusi na haiuziki. Risasi ya polepole zaidi yenye kichwa kizito huacha njia safi ya kuingia na kutoka. Bucha angechagua 6.5x55 kwa kila mnyama kama angeulizwa, na kwa roe asingelalamikia .243 iliyopita nyuma kidogo ya bega. Hata hivyo akibanwa hukiri kwamba hasara kubwa kuliko zote haitokani na kaliba. Risasi iliyopita kwenye tumbo humwaga kilicho humo juu ya minofu ya ndani, na mzoga huo hauna bei hata ungepigwa na nini.

Neno lake la pili ni kuhusu kilichobaki ndani ya nyama. Kwa zaidi ya karne moja vichwa vya risasi vimekuwa na kiini cha madini ya risasi, ambayo ni laini na hufunguka kwa urahisi. Tatizo ni kwamba hutawanyika. Chembe ndogo zisizoonekana kwa macho husafiri mbali na kidonda, huliwa na watu, na matumbo yanayoachwa mlimani huliwa na tai, ambao hupata sumu. California imekataza risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019, hasa kwa ajili ya ndege wakubwa aina ya kondori. Denmark ilifuata kwa bunduki za aina hii Aprili 2024. Serikali ya Ufalme wa Muungano nayo ilitangaza mwaka 2025 kwamba itazizuia, ikiacha miaka ya mpito. Wanunuzi wengi wa nyama hawakusubiri.

Badala yake ni shaba, na shaba inaubadilisha ubishi wa kaliba kuliko jambo lolote lililotokea tangu Bell afariki mwaka 1954. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi: kwa ujazo uleule uzito wake ni kama asilimia 80. Kichwa cha shaba chenye greni 100 kwa hiyo lazima kiwe kirefu, na kichwa kirefu kinahitaji mtutu wenye msokoto wa karibu zaidi ili kizunguke kwa kasi ya kukituliza hewani. Mitutu mingi ya zamani ya .243 haina msokoto huo. Kichwa hutoka kikiyumba na kupiga shabaha ubavu. Wenye .243 wakajikuta wamebanwa: sheria inataka greni 100, bunduki haiwezi kurusha greni 100 za shaba. Mwaka 2023 Uskoti iliteremsha kiwango hadi greni 80, ikayaacha masharti ya kasi na nishati kama yalivyokuwa.

Kijana hushangilia, na hapa ndipo anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Kichwa cha greni 80 hakifikishi jouli 2,373 mpaka kitoke kwa mita 957 kwa sekunde. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwa mtutu wa inchi 24. Wawindaji wengi wa sasa wanapenda mtutu mfupi, wa inchi 18 au 20, ili wafunge kipunguza sauti bila bunduki kuwa ndefu kama mchi. Kila inchi inayokatwa kwa kawaida hupunguza mita sita hadi tisa kwa sekunde. Inchi sita zikiondoka, risasi iliyokuwa halali kwenye boksi inaweza kufika ukingoni mwa sheria au kuupita, na mwenyewe asijue. Kifaa cha kupima kasi huwekwa mbele ya mtutu na kutoa jibu kwa dakika chache. Gharama yake ni ndogo kuliko ya leseni iliyofutwa.

Mgeni hana tatizo hilo. Yake ni mengine. Shaba inahitaji kasi fulani inapogonga, mara nyingi kati ya mita 550 na 600 kwa sekunde kutegemea muundo, la sivyo hupita bila kufunguka, kama ile ya tembo. .300 Magnum inayo kasi hiyo hata kwa umbali mkubwa. Swali ni kama Mgeni mwenyewe anaufaa umbali huo.

"Hebu niambie, Bwana," huuliza Mzee, "mwaka huu umepiga risasi ngapi kwa bunduki hiyo?"

Mgeni hukohoa. Risasi ni ghali, na teke lake ni karibu mara tatu ya lile la .243. Baada ya kumi hivi bega linauma, na mwili hujifunza wenyewe kukakamaa punde tu kabla ya mlio. Mkakamao huo hauonekani kwa anayepiga, kwa sababu bunduki huruka wakati huohuo na kuuficha. Huonekana siku ganda linapogoma kuwaka: kifyatuo kinavutwa, hakuna mlio, na mdomo wa mtutu unazama chini sentimita kadhaa. Kwa mita 200 mzamo mdogo kuliko huo unatosha kuitoa risasi mapafuni na kuipeleka miguuni au tumboni. Eneo la moyo na mapafu la roe si kubwa kuliko kisahani cha kikombe cha chai. La dume mwekundu ni pana zaidi, ila si sana kiasi cha kusamehe mkono unaoruka.

Kinachonunuliwa kwa teke hilo ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Bunduki mbili zikiwa zimerekebishwa kupiga katikati ya shabaha kwa mita 100, ile ya .308 yenye kichwa cha greni 150 itakuwa imeshuka kama sentimita 10 ifikapo mita 200. .300 Magnum itakuwa imeshuka sentimita sita au saba. Tofauti ya sentimita tatu au nne ni ndogo kuliko yumbo la mtu aliyetoka kutambaa kwenye matope. Kwa mita 300 tofauti huzidi sentimita 10 na huanza kuwa na maana, lakini kwa umbali huo upepo wa milimani unaweza kuisogeza risasi kando zaidi ya hapo, na dawa ya upepo si kaliba. Dawa ni kusogea karibu. Kazi ya Mzee ni hiyo hasa: kumtambaza mgeni kwenye mifereji ya maji hadi mita 150 au pungufu, na kumzuia asipige mpaka mnyama aonyeshe ubavu.

Mjadala huu hauishi kwa usawa, kwa maana hoja za Mzee zina uzito kuliko za wengine. Anayewinda roe peke yake hana sababu ya kupita .243, na hata .223 yenye kichwa kinachofika greni 50 ni halali kwake Uskoti. Anayewinda kila aina kwa bunduki moja, na huyo ndiye mtu wa kawaida, atafaidika na kundi la katikati: 6.5x55 au ndugu yake mdogo 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, .270, au .308. Kati ya hizo .308 ina jambo ambalo wapenda tarakimu hulipuuza, nalo ni kwamba risasi zake hupatikana karibu kila duka, za shaba na za kawaida, na mitutu yake haisumbuliwi na urefu wa vichwa vya shaba. Familia ya 6.5 hupiga teke dogo na hushikilia njia yake vizuri kwenye upepo. .270 hunyoosha njia ya risasi kwa gharama ya nyama ya mabega. .243 kwa dume mwekundu ni bunduki ya mtu mvumilivu, na wavumilivu ni wachache kuliko wenye .243. Magnum haikatazwi na sheria, na aliyeizoea anaweza kuitumia vyema, lakini kwa umbali unaofaa kumpigia kulungu haimpi chochote ambacho .308 haimpi.

Katika mashamba mengi ya Uskoti uamuzi hukamilishwa kabla ya kupanda mlima. Mgeni hupelekwa kwanza penye shabaha, ambayo mara nyingi ni bamba la chuma lililokatwa umbo la dume, akaambiwa apige akiwa amelala, kama atakavyopiga mlimani. Risasi tatu ndani ya duara la sentimita 10 kwa mita 100 ni kiasi kinachomridhisha Mzee. Zikitawanyika, kwanza huangaliwa skrubu za darubini, kwa sababu safari za ndege huzilegeza. Zikiwa zimekaza na risasi bado zinatawanyika, Magnum hurudi mkobani, na Mgeni huazimwa bunduki ya shamba, aghalabu .270 au .308 iliyofungwa kipunguza sauti, ambacho hupunguza na teke pia. Hupiga tatu nyingine kwa hiyo, na safari huanza.